Mdomo Wangu Ulivyomtoa Shemeji Uwanjani

Jamani, tangu nirudi Ujiji hamjaniacha nikapumua. Nikienda sokoni naulizwa, nikienda msibani naulizwa: "Mama Zaina, Ulaya vipi? Mbona umerudi mpole?" Nimewajibu kipande kipande, huyu hiki na yule kile, na sasa nasikia kuna wanaosema nilifukuzwa na polisi. Sikufukuzwa na polisi. Afadhali ningefukuzwa, ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Basi nimekaa chini niandike yote mara moja, msome, mpeane, kisha mniache. Habari za viza na tiketi naziruka, maana zote alizishughulikia Salima, binti wa dada yangu. Kazi yangu mimi ilikuwa kupigwa picha bila kucheka.

Shemeji yangu Haruna, mume wa dada Mwajuma, wengi mnamkumbuka. Alikuja kwetu wakati wa vita akitokea Buyenzi, Bujumbura, kijana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Alikuwa akiadhini hapa msikitini na watu walimsikia mpaka kule kwenye mitumbwi. Akamwoa dada, wakapokewa Ubelgiji, wakahamia Brussels. Huko akapata kazi ya kusafisha vyumba vya kubadilishia nguo kwenye uwanja mmoja wa besiboli.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtu mmoja anarusha mpira mgumu kama jiwe, mwingine anausubiri kwa kirungu, na nyuma ya mwenye kirungu amechuchumaa mdakaji. Nyuma ya mdakaji anasimama mwamuzi, amevaa kinyago cha vyuma usoni, na yeye ndiye anayesema mpira ulipita pazuri au vibaya, na nani atoke. Siku moja mwamuzi hakutokea. Wachezaji wakamwambia yule msafishaji, wewe unatutazama kila wiki, simama. Haruna akasimama, akatoa mtu kwa sauti ya adhana, na mchezo wote ukaganda. Tangu hapo hakushika tena ufagio. Akasoma, akafanya mitihani yao, akawa mwamuzi anayejulikana nchi nzima na watu wa mchezo ule, ambao ukweli si wengi.

Alikuwa na vituko vyake. Kibao cheupe cha nyumbani, pale mpigaji anaposimama, wenzake hukifuta kwa brashi. Yeye alikifuta kwa kipande cha kanga ya dada. Na akimtoa mtu alizungusha kiuno, akatupa kidole gumba nyuma ya bega, akapiga kelele kwa Kiswahili: "Nje! Nenda nyumbani, mama amepika!" Wazungu wasiojua neno jingine la Kiswahili walilijua hilo. Na hakuwahi kubadili uamuzi, hata mara moja.

Sasa alikuwa anastaafu, na fainali ndiyo ingekuwa mechi yake ya mwisho. Dada alitaka mtu wa kwao awepo. Mtu huyo nikawa mimi, na mnajua mimi na Haruna tulivyo. Tangu siku ya posa hatujawahi kusalimiana kwa heshima. Akinipigia simu neno lake la kwanza ni "Hujafa tu?" nami namjibu namsubiri yeye atangulie akanisafishie njia.

Kigoma mpaka Dar: treni na mikeka

Treni ilichelewa kuondoka, ikachelewa njiani, na kabla ya Tabora ikasimama porini mpaka tukaanza kujuana majina ya watoto. Nilikuwa na ndoo ya mawese, dagaa, na migebuka ya kukaushwa niliyoifunga kwenye magazeti na mifuko. Harufu ilitoka hivyo hivyo. Behewa zima lilijua nina nini.

Tabora akapanda mama mmoja Mnyamwezi na mikeka yake. Mzee wa Kizaramo aliyekaa mbele yangu akamvua mkeka mmoja begani, akautandika, akaukalia. "Kodi hiyo," akasema. "Babu zenu walikuja pwani na mizigo, hawakulipa." Yule mama akamjibu kwamba babu zake walikuta Wazaramo wamelala, wakawaonea huruma wakapita kimya kimya. Behewa likacheka. Mpaka Dar walikuwa wanakula sahani moja, na mama hakuudai mkeka wake.

Niliwatazama nikafurahi, nikasema moyoni hivi ndivyo nitakavyomfanyia Haruna mbele ya Wazungu wake. Marehemu mama alikuwa akituambia mtani ana ruhusa ya kila kitu isipokuwa kidonda. Nililikumbuka neno hilo nikiwa ndani ya treni ile ile, jamani. Nikaendelea kutunga matusi yangu.

Addis Ababa: kahawa na bisi

Ndege ya kwanza sina la kusema, nililala. Addis tukaambiwa ndege ya Brussels ina hitilafu, tusubiri. Tukasubiri mpaka makalio yakafa ganzi. Mtu akatuletea kahawa kwenye vikombe vidogo, na pembeni bakuli la bisi. Nilidhani bisi ni za watoto, nikampa mtoto wa jirani, mama yake akanirudishia huku akinitazama vibaya.

Kando yangu alikaa mama mmoja wa Bukavu, Maman Espérance, anayetunza wazee huko Brussels. Alinusa hewa, akanigeukia.

"Maman, samahani. Iyi sakoshi yako iko na samaki?"

"Migebuka ya Kigoma."

"Ah, Mungu wangu! Nipatie ata kichwa."

Nikafungua, tukala na bisi, na niwaambie, vinakwenda pamoja. Tukawa ndugu. Nikamweleza ninakokwenda na matusi niliyomwandalia shemeji. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akafuta mikono.

"Alors, maman, angalia. Kule Bruxelles si kama kwetu. Muntu akisema neno, banalibeba vile liko. Mimi siku moja nilisema kwa kazi, leo niko nakufa na kichwa. Wee! Banaita ambulance."

Nikacheka. Nikamwambia Wazungu hao wamezaliwa bila chumvi. Espérance akaandika namba yake kwenye simu yangu, akasema nikipata shida nimwite. Sikuona shida gani ningepata kwenye sherehe.

Schaerbeek: chai mezani

Wanakaa Schaerbeek, ghorofani, ngazi nyembamba inayozunguka mpaka kichwa kinauma. Tramu ikipita chini vikombe vinalia kabatini. Mtaani nilisikia Kituruki, Kilingala, Kiswahili cha Goma, na Kifaransa cha kila namna. Haruna alikuwa mlangoni, amenyooka, mvi kichwani.

"Eh! Bado uko unaishi? Donc kaburi limekukataa!"

"Limesema linaanza na wewe, mzee."

"Na ile harufu yako umeileta mpaka Europe. Bon, ingia, mudomo ya bata. Bajirani batahama."

Dada alilia kwa furaha. Nilipotoa dagaa Haruna aliwatia mkononi, akawanusa, akayataja majina ya wavuvi wa zamani. Kisha akasema leo atanimiminia chai mwenyewe, mgeni wake. Akashika birika, akamimina vizuri kabisa, kwa madaha, pembeni ya kikombe. Chai ikasambaa mezani ikanidondokea magotini.

Nilicheka, mnajua kicheko changu. "Huyu ndiye mwamuzi wenu? Kikombe chenyewe kimetoka nje!" Haruna naye akacheka, akazungusha kiuno, akakitoa kikombe: "Nje! Nenda nyumbani!" Salima akacheka. Dada Mwajuma hakucheka. Alifuta meza taratibu kwa kitambaa, hakunitazama. Nilimwona, nikadhani amechoka.

Jioni hiyo Haruna alinisimulia kazi yake. Alisema siri ya mwamuzi si macho wala sauti. "Mwamuzi akisita, shemeji, amekwisha. Bachezaji banaona. Sema haraka, sema na moyo yote, ata wenye banakupinga banakubali." Nikamuuliza, na ukikosea? Akasema, "Nikikosea nakosea haraka." Tulicheka tena. Nilimpenda sana siku ile, na ninampenda sasa.

Auderghem, Jumamosi: hotuba yangu

Sherehe ilikuwa kwenye ukumbi wa klabu, Auderghem, karibu na msitu. Miti mirefu, hewa ya baridi, na uwanja wenyewe umenyolewa kama kichwa cha mtoto wa madrasa. Dada alipika pilau. Wenyeji walileta viazi vya kukaanga na nyama za kuviringa, wakala pilau letu na kuviacha vyao. Walikuja wachezaji, waamuzi wenzake, na Warundi wa Buyenzi waliojaza meza nzima na kelele zao.

Mkubwa wa waamuzi ni mzee mrefu mwenye masharubu, wanamwita Monsieur Luc. Alisimama akamsifu Haruna kwa Kifaransa, Salima akinitafsiria sikioni. Alisema watu wamepinga mengi ya Haruna, kelele zake, kiuno chake, kanga yake, lakini macho yake hakuna aliyewahi kuyapinga. Watu wakapiga makofi. Haruna alikaa wima, mkono wake umemshika dada.

Kisha nikaitwa mimi. Nilisimama na kitenge changu kipya, Salima pembeni anitafsirie.

Nikasema: "Mnamsifu macho? Huyu? Alipokuja kuposa kwetu alimwamkia mbuzi akidhani ni mama mkwe! Mbuzi akaitikia, ndiyo maana tukampa mke." Meza ya Warundi ikalipuka. Salima akatafsiri, na Wazungu nao wakacheka kidogo. Kicheko kile kikanilewesha. Nikaendelea: "Haoni! Juzi kanimiminia chai, kikombe kiko hapa, chai iko kule, mapaja yangu mashahidi. Ngazi anapanda kwa kupapasa ukuta. Na nyinyi mmempa kinyago mkamweka mbele ya mawe yanayoruka! Nimemletea dagaa, kwa hiyo kesho atakayeshinda nitamchagua mimi."

Salima ni mwalimu. Amezaliwa Brussels, amelelewa aseme kweli, na alitafsiri kila neno vizuri kama alivyofundishwa. Chai, ngazi, ukuta, dagaa. Hata Warundi wakaweka vijiko chini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia utani wangu ukianguka sakafuni.

Monsieur Luc alisimama, uso umebadilika. Hakuwa na hasira, niwe mkweli, alikuwa kama mtu aliyeona damu. Habari ya dagaa hata hakuigusa. Aliuliza swali moja tu: "Haruna, ni kweli? Huoni?"

Na Haruna akasita.

Mtu aliyeniambia mwamuzi akisita amekwisha, alisita mbele ya watu wake wote, mdomo wazi, akitafuta uso wa yule aliyemuuliza. Akasema, "C'est ma belle-soeur, ni shemeji yangu," akatabasamu. Lakini ilikuwa imechelewa na kila mtu aliiona. Monsieur Luc akasema watazungumza asubuhi kabla ya mechi. Pilau lilipoa kwenye sahani. Nilitamani ardhi ya Auderghem ipasuke inimeze mimi na kitenge changu.

Auderghem, Jumapili: kanga

Asubuhi dada alinikuta jikoni nasugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

"Tatu," akaniita jina langu la utotoni, "Haruna ana presha ya macho. Tunakwenda hospitali Woluwe tangu mwaka jana. Jicho moja limekwisha, la pili linakwenda. Kilichopotea hakirudi."

"Mbona hukuniambia?"

"Aliniapisha. Alitaka hii mechi moja tu. Moja, halafu angesema mwenyewe."

Nililia, akanikataza. Alisema Haruna anavaa, atasikia. Aibu iliyonishika sina neno lake. Si kwamba nilitunga uongo juu yake. Mbuzi alikuwa uongo, na mbuzi hakumuumiza mtu. Nilichomuumizia nilikiona kwa macho yangu, mezani kwake, nikinywa chai yake.

Nikampigia Maman Espérance nimuulize nifanye nini. Akasema, "Maman, waelezee kama ni muchezo ya bashemeji, batakuamini. Bale banaamini kila kitu."

Basi nikafanya kosa la pili, na hili nililifanya nikijua. Tulipofika uwanjani nikamvuta Salima mpaka kwa Monsieur Luc. Nikamweleza utani: kwamba shemeji ana haki ya kutukana, kwamba kwetu hata msibani mtani anamcheka maiti, kwamba chai na ngazi nilivitunga kama nilivyomtunga mbuzi. Salima alinitazama. Alikuwepo chai ilipomwagika. Kisha akatafsiri, na nikajua kwamba sasa nimemchafua na mtoto.

Monsieur Luc alivuta pumzi ndefu, akacheka, akanikumbatia. Akasema hakulala usiku kucha. Akamwendea Haruna, akampiga bega, akasema uwanja ni wako. Haruna akanitazama kwa mbali, au akatazama upande niliokuwa.

Akaingia. Watu wakasimama kumpigia makofi, wa timu zote mbili. Akatoa kanga kiunoni, akainama, akakipapasa kile kibao kwa mkono kwanza, kisha akakifuta polepole, pembe hadi pembe. Akavaa kinyago. Mpigaji akasimama na kirungu chake, msichana mdogo wa umbo mwenye nywele nyekundu. Mdakaji akachuchumaa. Nilimshika dada mkono, naye aliuacha mkono wake ndani ya wangu bila kuufumba.

Mpira ukarushwa. Nilisikia ukipiga ngozi ya glavu, pa! Msichana hakuupiga. Sote tukasubiri ile sauti.

Haikuja. Mdakaji akageuka kumtazama. Mrushaji akafungua mikono. Haruna alisimama vile vile, na ule ukimya ulikuwa mrefu kuliko treni yetu ya porini. Kisha akavua kinyago. Akazungusha kiuno, lakini polepole, kiuno cha mzee. Akatupa kidole gumba nyuma ya bega lake, na sauti ikatoka yote, ile ya msikitini kwetu:

"Haruna, nje! Nenda nyumbani, mama amepika!"

Watu walicheka kwanza. Walidhani ni kituko cha kuaga. Kisha wakamwona akikunja kanga, akimpa mdakaji kinyago, akitembea kuelekea sauti ya dada aliyekuwa anamwita kwa jina. Kicheko kikakatika upande mmoja baada ya mwingine. Monsieur Luc alivua kofia. Mwamuzi mwingine akaingia, na mechi ikachezwa, na siwezi kuwaambia nani alishinda.

Tramu: faini

Tulirudi kwa tramu. Nilikaa mkabala na Haruna, magoti yetu yakigusana kila inapokata kona. Mnajua mila: mtani akivuka mpaka anatozwa faini, jogoo au kanga au chochote, akilipa yameisha. Nikamwambia, "Shemeji, nitoze. Taja chochote."

Akafikiri. Akasema kwa upole, "Hapana. Faini ni ya muntu mwenye alisema uongo. Wewe ulisema ukweli. Ukweli haiko na faini."

"Basi nitukane."

"Ah non. Umechoka, maman. Safari yako ni ndefu."

Maman. Miaka yote hiyo hajawahi kuniita hivyo. Nilitazama dirishani ili asione uso wangu, kisha nikakumbuka kwamba asingeuona.

Ujiji: simu

Njia ya kurudi haikuwa na kisa. Ndege ziliondoka kwa wakati, na hata treni ilikimbia, kama vile kila mtu alitaka nitoke mbele yake upesi. Ndoo ya mawese dada aliijaza chokoleti. Mmeshazila.

Haruna bado anakwenda Woluwe. Anatiwa matone, wanasema kilichobaki huenda kikabaki. Klabu imemwita awafundishe waamuzi wapya sauti, na Salima anasema anakwenda, na wanampenda. Salima mwenyewe ananijibu, lakini kwa maneno machache.

Juzi Haruna alipiga. Niliona namba, nikapokea nikamwahi mimi: "Hujafa tu?"

Nikasikia tramu ikipita na vikombe vikilia kabatini.

"Alhamdulillahi, maman Zaina, tuko wazima," akasema. "Na nyinyi kwenu, mumeamka salama? Watoto wote bien?"

Nikasema salama. Akanishukuru, akaniombea dua, akampa dada simu.

Ndiyo hayo, na ndiyo sababu ya upole mnaouona. Wale mliokuwa mkimpigia Haruna zamani, mpigieni. Mwambieni shemeji yake ni mgonjwa, na dawa yake ni tusi moja tu.